Pikipiki ya Lami au Pikipiki ya Porini? Fizikia ya Safari Ndefu Kutoka Misunkumilo

Mtu aondokaye Misunkumilo, mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda, akiwa na nia ya kwenda mbali, ana njia nne mbele yake. Ya kwanza huelekea kaskazini-mashariki kupitia Koga na Sikonge hadi Tabora, mwendo wa kilomita zipatazo 350, na siku hizi ni njia ya lami. Ya pili hushuka kusini hadi Sitalike, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha hupanda kuingia nchi ya Ufipa hadi Sumbawanga. Ya tatu huelekea magharibi hadi Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ya nne huenda kaskazini-magharibi hadi Uvinza, na kutoka hapo Kigoma. Katika njia hizi tatu za mwisho lami imekuwa ikisogezwa kipande kwa kipande, na msafiri bado hukutana na changarawe, mchanga na, katika miezi ya mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo mweusi wa mbuga unaonata kama ulimbo.

Asiyekuwa na gari, na hao ndio wengi, husafiri kwa pikipiki. Mganga wa zahanati hubeba sanduku la chanjo, bwana shamba huwazungukia wakulima, mwalimu huenda mjini kuchukua karatasi za mitihani, na dereva wa bodaboda humpakia mama mjamzito ambaye hana muda wa kungoja basi. Pikipiki ikiharibika mjini, jambo hilo ni usumbufu tu. Ikiharibika katikati ya Hifadhi ya Katavi, jua likiwa linazama na tembo wakivuka barabara kwenda kunywa maji katika mto Katuma, jambo hilo si la mzaha tena. Basi swali la kwamba chombo gani kinafaa kwa safari ndefu si swali la matajiri wapendao starehe peke yao. Lina majibu yake katika somo la fizikia, na sehemu kubwa ya majibu hayo imo katika mafunzo ya sekondari.

Aina mbili za pikipiki

Watengenezaji wa pikipiki wa Ulaya na Japani huzigawa pikipiki za safari ndefu katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la pikipiki za barabara kuu. Hizi zina kiti kipana, kioo na mabamba ya mbele ya kuukata upepo, magurudumu madogo mapana, na tumbo lililo karibu na ardhi. Kundi la pili ni la pikipiki zilizoundwa ziweze kupita lami na porini pia. Hizi husimama juu zaidi, gurudumu lake la mbele ni kubwa na jembamba, springi zake hucheza kwa urefu mkubwa, na madigadi ya mbele aghalabu huwekwa mbali na tairi.

Mgawanyo huu si wa zamani sana. Mwaka 1934 wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther yenye injini ya sentimita za ujazo 600, ikiwa na kigari cha pembeni na tela nyuma. Walivuka jangwa la Sahara na kufika Cape Town Julai 1935. Hawakuwa na aina mbili za kuchagua. Walipanda pikipiki iliyokuwapo. Mgawanyo ulianza kuonekana wazi katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 Honda ilionyesha katika maonyesho ya Köln, Ujerumani, pikipiki iitwayo Gold Wing, yenye silinda nne na ubaridi wa maji, ambayo ikawa mfano wa pikipiki kubwa za barabara kuu. Mwishoni mwa mwaka 1978 yalianza mashindano ya kutoka Paris hadi Dakar kupitia jangwani, na mwaka 1980 BMW ikatoa R80 G/S, ambayo herufi zake mbili za mwisho ni kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya ardhi isiyo na barabara na barabara yenyewe. Mwaka uliofuata Hubert Auriol alishinda mashindano hayo ya Dakar akiwa juu ya BMW. Tangu hapo aina ya pili ikapata jina, na wanunuzi pia.

Iko safari nyingine inayostahili kutajwa, kwa kuwa inafanana na jaribio la maabara. Mwandishi Ted Simon aliondoka Uingereza mwaka 1973 juu ya Triumph ya sentimita za ujazo 500, pikipiki ya barabara ya kawaida kabisa, akaizunguka dunia kwa muda wa miaka minne. Alishuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, akapita Kenya na Tanzania. Mwaka 2001, akiwa mzee wa karibu miaka 70, alianza tena safari ile ile, lakini safari hii alichagua BMW ya aina ya G/S. Chaguo lake la pili laonyesha alilojifunza mara ya kwanza. Hata hivyo ile Triumph ilifika, na jambo hilo lisisahauliwe na wale wasemao kwamba bila pikipiki ya porini hakuna kusafiri.

Injini moja, miili miwili

Kwa mwanafunzi wa sayansi, ulinganisho mzuri ni ule ambao kitu kimoja tu hubadilishwa na vingine huachwa vilivyo. Ni mara chache viwanda hutoa nafasi ya namna hiyo, lakini mwaka 2018 BMW iliitoa pasipo kukusudia. Ilitengeneza injini moja ya sentimita za ujazo 1,254, yenye nguvu-farasi 136, ikaifunga katika pikipiki mbili: R1250RT ya barabara kuu na R1250GS ya barabara na porini. Ile ya barabara kuu ina uzito wa kilo 279, na ya porini kilo 249. Tangi la ya kwanza hubeba lita 25, la ya pili lita 20. Magurudumu ya RT yote mawili ni ya inchi 17, ilhali gurudumu la mbele la GS ni la inchi 19. Springi ya mbele ya RT hucheza sentimita 12, na ya nyuma sentimita 13.6. Za GS hucheza sentimita 19 mbele na 20 nyuma.

Tofauti hizi zote zina sababu. Na ichukuliwe kwanza ile ya upepo, kwa sababu ndiyo inayoipa pikipiki ya barabara kuu heshima yake. Kani ya upepo unaomzuia msafiri huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendokasi, na uwezo unaotakiwa kuishinda kani hiyo huongezeka kwa kipeo cha tatu. Mtu aliyeketi wima juu ya pikipiki isiyo na kioo, akienda kilomita 50 kwa saa katika hewa ya Mpanda, hutumia kilowati 0.7 hivi kuupasua upepo. Akiongeza mwendo hadi kilomita 100 kwa saa hutumia kilowati 5.6, yaani mara nane. Kioo na mabamba mazuri yaweza kupunguza gharama hiyo kwa sehemu moja katika tano. Kwenye lami ya kwenda Tabora, pikipiki ya barabara kuu huokoa petroli, humwokoa msafiri na uchovu wa shingo, na tangi lake kubwa huzidisha masafa. Hapo haina mpinzani. Lakini mwendo ukishuka hadi kilomita 40 kwa saa, kama ilivyo kwenye njia za udongo, upepo huwa si kitu, na mabamba yale huwa ni mzigo unaosubiri kupasuka siku ya kuanguka.

Habari ya springi

Gurudumu likiingia shimoni na kutoka, mwili wa pikipiki hupewa mwendo wa kwenda chini ambao ni lazima uzuiwe na springi. Na ichukuliwe pikipiki ambayo pamoja na msafiri ina tungamo la kilo 250, ikishuka kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Nishati yake ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha mwendo, nayo ni juli 500. Nishati hiyo haina pa kwenda ila kwenye springi na shokapu. Springi ikiwa na sentimita 12.5 za kucheza, kani ya wastani itakayotakiwa ni nyutoni 4,000, bila kuuhesabu uzito wenyewe. Ikiwa na sentimita 20, kani hiyo hushuka hadi nyutoni 2,500. Shimo ni lile lile na mwendo ni ule ule, lakini mgongo wa msafiri na chuma cha fremu hupigwa kwa kani ndogo zaidi kwa sababu tu kani imepewa nafasi ndefu ya kufanya kazi. Ni sababu ile ile inayomfanya mdaka mpira arudishe mikono nyuma.

Ukubwa wa gurudumu nao una hesabu yake. Gurudumu linapokutana na jiwe au mzizi, ni lazima lizunguke juu ya ncha ya kizuizi hicho. Kwa kanuni ya momenti, gurudumu la inchi 17, ambalo pamoja na tairi lake lina nusu kipenyo cha sentimita 30 hivi, likivutwa kwa mlalo kupanda kizuizi cha sentimita 8 huhitaji kani ya karibu asilimia 93 ya uzito uliolilalia. Gurudumu la inchi 21, lenye nusu kipenyo cha sentimita 35 hivi, huhitaji asilimia 82. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika daftari, lakini kwenye njia yenye mizizi ya miombo hurudiwa mara elfu kwa siku.

Madigadi hayahitaji hesabu. Udongo mweusi wa mbuga una chembe za mfinyanzi ambazo hunywa maji na kuvimba, na ukikauka hupasuka nyufa. Ukiwa na unyevu wa wastani hung'ang'ania tairi, hujaza nafasi iliyo chini ya madigadi, kisha huligandisha gurudumu kana kwamba limeshikwa na breki. Pikipiki yenye madigadi ya juu hupita mahali ambapo yenye madigadi ya chini husimama, na dereva wake akabaki na kazi ya kuchokoa tope kwa kijiti.

Mikunjo ya bati

Hata hivyo, katika njia za changarawe adui mkubwa si shimo wala jiwe. Ni ile mikunjo midogo inayokatiza barabara, mmoja baada ya mwingine, mfano wa bati la kuezekea nyumba. Kila msafiri wa kwenda Karema au Uvinza anaifahamu. Wengi hudhani kwamba hutokana na magari mazito, au na ubovu wa greda. Sababu yenyewe ni ya kushangaza zaidi.

Katika miaka ya mwanzo ya 1960 mwanafizikia Keith Mather, aliyekuwa akifanya kazi Australia, alilizungusha gurudumu juu ya njia ya mchanga ya duara, akaona mikunjo ikijitokeza yenyewe. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walitangaza majaribio ya namna hiyo yaliyopimwa kwa uangalifu zaidi. Walitumia meza ya mchanga inayozunguka na gurudumu lililoachwa huru kupanda na kushuka. Walionyesha kwamba mikunjo hutokea hata gurudumu likiwa gumu na lisilo na springi, na hata mchanga ukiwa mkavu kabisa. Kinachotakiwa ni mwendo tu. Chini ya mwendo fulani uso wa mchanga hubaki tambarare. Ukivuka mpaka huo, kibonge chochote kidogo hulirusha gurudumu, nalo likianguka hulisukuma vumbi mbele yake na kujenga kibonge kingine. Kwa bahati mbaya, kwa magari ya kawaida mpaka wenyewe uko chini mno, karibu na mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka, hata hakuna dereva atakayekubali kuuheshimu. Greda likipita leo, kazi ya kuirudisha mikunjo huanza na gari la kwanza.

Sasa na itazamwe pikipiki ikipita juu ya mikunjo hiyo. Umbali kutoka kilele hadi kilele na uwe sentimita 80. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao ni mita 8.3 kwa sekunde, gurudumu hupigwa zaidi ya mara 10 katika kila sekunde. Gurudumu lililoshikwa kati ya springi na tairi lina mtetemo wake wa asili, na kwa kawaida mtetemo huo nao ni wa mara 10 hivi au zaidi kidogo kwa sekunde. Mapigo ya barabara yakilingana na mtetemo wa asili, gurudumu hurukaruka kupita kiasi, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hapo nati hulegea, taa hukatika, na spoki huvunjika moja moja.

Madereva waligundua zamani, pasipo darasa, kwamba wakiongeza mwendo hadi kilomita 60 au 70 kwa saa mtetemo hupungua. Ni kweli. Kwa mwendo wa kilomita 60 mapigo huwa zaidi ya 20 kwa sekunde, na gurudumu haliwahi tena kufuata kila bonde. Huruka kutoka kilele hadi kilele. Mwili wa pikipiki, ambao mtetemo wake wa asili ni mara mbili hivi tu kwa sekunde, hutulia. Lakini raha hiyo ina bei. Gurudumu linaloruka halishiki ardhi, na lisiloshika ardhi haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Hata penye changarawe isiyo na mikunjo, msuguano ni karibu nusu ya ule wa lami kavu. Anayefunga breki vizuri akiwa na kilomita 60 kwa saa husimama katika mita 18 juu ya lami, lakini huhitaji mita 35 juu ya changarawe. Akiwa na kilomita 80 juu ya changarawe huhitaji mita 63, mbali na umbali anaoupita kabla mkono haujafika kwenye breki. Mbuzi aliye umbali wa mita 40 hayajui mahesabu haya. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri kidevuni hupunguza uwezekano wa kifo kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, kwa mujibu wa mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008. Iliyoning'inizwa kwenye usukani haipunguzi chochote.

Kutokana na haya yote yaonekana kwamba njia za Katavi zimekwisha kumchagulia msafiri: springi ndefu, gurudumu kubwa la mbele, tumbo lililo juu. Lakini lipo jambo moja ambalo matangazo ya biashara hulipita kimya kimya, nalo ni uzito.

Uzito na fundi

Pikipiki ya kilo 249 imeitwa ya porini, na kweli hupita porini ikiwa chini ya mtu hodari. Ikilala ubavuni ni habari nyingine. Pikipiki iliyolala ni wenzo: egemeo lake liko kwenye matairi, kitovu cha uzito kiko umbali wa nusu mita hivi kutoka hapo, na mkono wa mtu anayeinua kwa kushika usukani uko umbali wa mita moja hivi. Kwa hiyo mwinuaji hutakiwa kutoa kani ya kama nusu ya uzito wote, sawa na kuinua gunia la kilo 125. Msafiri aliye peke yake mchangani huenda akaweza mara ya kwanza, na mara ya nne asiweze. Pikipiki ndogo ya kilo 120 humtaka ainue kilo 60 tu, kazi ambayo kijana yeyote wa Misunkumilo aliyezoea kubeba mahindi huifanya bila kuvua koti.

Kwenye mchanga uzito hudai tena. Eneo la tairi linalogusa ardhi hupatikana kwa kugawanya uzito kwa kanieneo ya hewa iliyomo. Tairi lililobeba nyutoni 1,500 likiwa na kilopaskali 200 hugusa sentimita za mraba 75. Likipunguzwa upepo hadi kilopaskali 150 hugusa sentimita 100. Ndiyo maana wazoefu hupunguza upepo wafikapo kwenye mchanga na kuujaza tena wafikapo kwenye lami, kwa kuwa tairi laini likikimbizwa hupata joto na kuharibika. Pampu ya mkono basi si pambo.

Na kuna sababu nyingine ya kutokwenda polepole mno katika hifadhi. Mbung'o huvutwa na vitu vikubwa vinavyotembea, hasa vyenye rangi ya buluu au nyeusi, na huruka kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Msafiri aliyekwama mchangani akiwa amevaa koti la buluu atalipata somo la elimuviumbe asiloliomba.

Halafu ni fundi. Pikipiki kubwa za siku hizi, za lami na za porini sawia, huendeshwa na kompyuta inayopima hewa na kupuliza petroli. Chombo cha kuisoma kompyuta hiyo ni adimu nje ya miji mikubwa. Kinyume chake, pikipiki ndogo za kichina na za kihindi zilizojaa katika vijiwe vya Mpanda hufunguliwa na fundi chini ya mwembe. Plagi, klachi, mnyororo na tyubu zake hupatikana dukani, na gurudumu lake la spoki likipinda hunyooshwa hapo hapo. Spoki zina sifa ambayo rimu ya kumimina haina: hulegea na kupinda kabla ya kuvunjika, kwa hiyo hutoa taarifa. Upungufu wake ni kwamba rimu nyingi za spoki hulazimu kutumia tyubu, na kuiziba tyubu ni kazi ndefu kuliko kulichoma kiziba tairi lisilo na tyubu.

Umuhimu wa fundi ulidhihirika mbali na Katavi. Katika miaka ya 1980 Barry Coleman, mwandishi wa habari wa Uingereza, na Randy Mamola, mshindani wa mbio za pikipiki kutoka Marekani, walipotembelea Somalia, walikuta pikipiki za watumishi wa afya zimeachwa zimelala. Nyingi zilikuwa na makosa madogo yatokanayo na kutotunzwa. Kutokana na hayo lilizaliwa shirika la Riders for Health, ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha watumishi wa afya wa nchi mbalimbali za Afrika kukagua mnyororo, oili, nati na matairi kila siku, na kubadilisha vipuri kabla havijafa.

Chaguo la tatu

Kwa hiyo mwenye kuulizwa achague kati ya pikipiki ya barabara kuu na ile kubwa ya porini, akiwa Misunkumilo, ana haki ya kulikataa swali na kuleta jingine. Iko aina ya tatu, ambayo watumishi wa serikali, mapadri na mabwana shamba wa Tanzania wameitumia kwa miaka mingi: pikipiki nyepesi ya porini, yenye injini ya sentimita za ujazo 125 hadi 250, kama vile Honda XL na Yamaha DT. Hizi zina gurudumu kubwa la mbele, springi ndefu na madigadi ya juu, lakini uzito wake ni kama nusu ya ule wa R1250GS. Haziendi kasi, na kiti chake ni chembamba kama ubao wa mbuzi wa kukunia nazi. Baada ya kilomita 200 msafiri hutamani kutembea kwa miguu. Lakini hufika.

Kwa upande wa pili, pikipiki ya bodaboda, kwa mfano Boxer, kwa umbo lake ni ndugu mdogo wa pikipiki za lami: magurudumu ya inchi 17, springi fupi, kiti kirefu. Kwa vigezo vilivyoelezwa juu isingepaswa kufika Karema. Inafika kila siku, ikiwa na abiria wawili na kuku. Wepesi wake, petroli kidogo inayotumia na wingi wa mafundi hufidia mengi. Lita 11 za petroli, kwa kilomita 40 kwa kila lita, ni kilomita 440, masafa ambayo pikipiki kubwa nyingi huyafikia kwa lita 20 na zaidi. Mwenye safari nyingi za lami ya Tabora na chache za udongo hana sababu kubwa ya kuiacha. Mwenye kwenda Karema au Uvinza kila wiki wakati wa mvua anayo sababu.

Liko kosa moja linaloziangusha aina zote bila upendeleo, nalo ni namna ya kufunga mzigo. Kilo 40 zilizofungwa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika pikipiki ambayo magurudumu yake yameachana mita 1.25, huondoa karibu kilo 10 kwenye gurudumu la mbele. Gurudumu hilo likiwa limebeba kilo 55 tu, limekwisha kupoteza zaidi ya sehemu moja katika sita ya mshiko wake, na usukani huwa mwepesi, jambo ambalo wengine hulifurahia kwa kutojua. Mzigo huo huo ukifungwa chini na mbele ya ekseli, pande zote mbili kwa usawa, hauondoi kitu.

Shule iliyo kando ya barabara ya changarawe inaweza kuyapima mengi ya haya kwa futi ya kupimia, saa na mizani ya sokoni. Wanafunzi wapime vilele 20 vya mikunjo mfululizo na kutafuta wastani wa umbali kati yake, mara moja upande wa kupanda mlima na mara nyingine upande wa kushuka, au kabla ya kona na baada yake, penye mwendo tofauti wa magari. Kisha wagawanye mwendo wa pikipiki, kwa mita kwa sekunde, kwa wastani walioupata, na kumwuliza dereva wa bodaboda ni kwa mwendo gani usukani wake hutetemeka kupita kiasi. Vipimo vichukuliwe asubuhi mapema, kabla magari hayajawa mengi, na mwanafunzi mmoja asimame mbali akiwa na kitambaa chekundu.